Safari ya kwanza ya meli ya kitalii: jinsi ya kuchagua na kupanga, hatua kwa hatua

Sisi tuliokulia Mombasa tumeziona meli za kitalii tangu utotoni. Msimu wa kaskazi zilikuwa zikiingia Kilindini asubuhi, nyeupe, ndefu kuliko mtaa wetu mzima, nasi tuko kwenye feri ya Likoni tunahesabu madirisha mpaka shingo zinauma. Wageni walishuka wakaenda Ngome ya Yesu na Tsavo, jioni wakarudi, meli ikang'oa nanga. Haikutupitikia hata siku moja kwamba tiketi za meli zile zinauzwa kwa yeyote mwenye pasipoti, na kwamba zipo safari fupi ambazo familia ya kawaida ikijipanga mwaka mmoja inazimudu.

Mara yangu ya kwanza nilikwenda na mama na dada yangu, siku nne kutoka Durban. Tangu hapo ndugu na majirani hunipigia simu wakiuliza nao waanzie wapi. Karibu wote huanza mwisho. Ameona picha ya Icon of the Seas, meli ya mita 365 iliyoanza kazi mwaka 2024 ikiwa kubwa kuliko zote wakati huo, na moyo umeshaingia melini. Akiuliza inaondokea wapi, anaambiwa Miami. Basi ndoto inasimama kwenye dirisha la ubalozi.

Ninachomwambia kila mmoja ni kugeuza mpango: pasipoti kwanza, halafu bandari, halafu tarehe, halafu meli. Chumba kije mwisho. Ukifuata mpangilio huo, mengi yanajichagua yenyewe.

Hatua ya 1: Pasipoti yako inakufikisha bandari gani?

Fungua pasipoti uangalie tarehe ya mwisho. Kampuni nyingi za meli hutaka iwe na uhai wa miezi sita kuanzia siku ya kurudi. Ikiwa haina, usisome zaidi leo. Nenda kaombe mpya.

Kisha orodhesha bandari ambazo unaweza kuzifikia bila viza au kwa viza uliyonayo tayari. Kwa Mkenya, mlango ulio karibu zaidi ni Afrika Kusini: tangu tarehe 1 Januari 2023 mwenye pasipoti ya kawaida ya Kenya anaingia bila viza, siku zisizozidi 90 kwa mwaka. Mtanzania naye anaingia bila viza. Mganda, Mnyarwanda, Mrundi na Mkongomani wanahitaji kuomba, na hapa pana tundu ambalo wengi hutumbukia. Meli inayotoka Durban kwenda Msumbiji imeondoka Afrika Kusini. Ikirudi, wewe unaingia nchini upya. Viza ya kuingia mara moja imeshatumika uwanja wa ndege. Omba ya kuingia mara nyingi, na katika barua ya maombi eleza ratiba ya meli bandari kwa bandari.

Kanuni ni hiyohiyo Ulaya. Mzunguko wa Barcelona, Marseille na Genoa wote uko ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, lakini meli ikigusa Tunis au Istanbul umetoka, na viza ya kuingia mara moja haitakurudisha. Ada ya viza hiyo kwa mtu mzima imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Ndiyo maana sishauri mtu aanze na Mediterania ikiwa hajawahi kupata viza ya Ulaya: unaweka rehani pesa ya meli kwenye uamuzi wa ofisa mmoja.

Ndugu zetu walioko Oman na Imarati wana bahati yao, kwa sababu majira ya baridi meli huzunguka Ghuba kutoka Dubai, Abu Dhabi na Doha, na kibali cha ukaazi kinapunguza kazi. Hata hivyo kibali cha nchi moja si kibali cha nchi zote zilizo njiani. Walioko Marekani na Kanada kwa hati za ukimbizi waulize kwa maandishi kabla ya kulipa, kwani vipo visiwa vya Karibi visivyoipokea hati hiyo bila viza, na kampuni ikiona jina lako halitimizi masharti ya bandari moja tu, inakuzuia kupanda kabisa. Hilo ndilo jambo gumu la safari hizi: masharti ya bandari zote yanakuhusu hata kama umepanga kubaki melini umelala. Na anayezuiwa gatini kwa sababu ya karatasi harudishiwi nauli.

Ongeza kwenye bahasha kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Kama unasafiri na mtoto, beba cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na ikiwa mzazi mmoja anabaki nyumbani, barua ya idhini iliyothibitishwa kwa wakili. Maofisa wa Afrika Kusini wamekuwa wakali kwa jambo hili kwa miaka mingi, na wana haki.

Kuanzia hapa nitaifuata njia ya Durban, kwa sababu ndiyo ninayoijua na ndiyo inayowafaa wengi wetu. Mambo mengi yatakayofuata ni yaleyale popote utakapopandia.

Hatua ya 2: Bandari na majira

Durban ina kituo kipya cha abiria wa meli kinachoitwa Nelson Mandela, na kwa miaka mingi kampuni ya MSC imekuwa ikileta meli huko wakati wa kiangazi cha kusini, takriban Novemba mpaka Aprili. Safari fupi ni za namna mbili. Zipo zinazozunguka baharini tu bila kugusa bandari, siku mbili tatu, na zipo zinazopanda kaskazini mpaka Msumbiji: Kisiwa cha Wareno kilicho ubavuni mwa Inhaca kwenye ghuba ya Maputo, au Pomene, rasi ya mchanga na mikoko katika mkoa wa Inhambane.

Chagua yenye kisiwa. Safari ya kuzunguka tu ni kama kwenda harusini ukakaa jikoni.

Sasa bahari yenyewe. Pwani ya KwaZulu-Natal, mkoa ulio na Durban, si bahari ya Lamu. Mkondo wa Agulhas unateremka kwa nguvu kuelekea kusini-magharibi, na upepo ukivuma kutoka upande huohuo wa kusini-magharibi, ukakutana na mkondo uso kwa uso, mawimbi yanasimama wima. Meli kubwa inayamudu, ila tumbo lako litajua. Tena msimu wa vimbunga katika Mfereji wa Msumbiji unaangukia ndani ya msimu huohuo wa meli, na hukolea Januari mpaka Machi. Idai mwaka 2019 na Freddy mwaka 2023 vyote vilipiga Msumbiji katika miezi hiyo. Nahodha haingizi meli kwenye kimbunga. Anageuza njia, na unafika bandari nyingine au hufiki popote.

Kwenye Kisiwa cha Wareno na Pomene hakuna gati la meli kubwa. Meli inasimama mbali, abiria wanashushwa kwa boti ndogo. Mawimbi yakizidi kidogo, hata kama jua linawaka, boti hazishushwi. Mkataba utakaoukubali unampa nahodha haki ya kufuta bandari, na wewe hudai zaidi ya ada ya bandari hiyo. Kwa hiyo jiulize kabla ya kulipa: kisiwa kikifutwa, nitafurahia siku hizi melini? Kama jibu ni hapana, nenda Zanzibar kwa pesa hizo, utafurahi zaidi.

Mimi napenda mwisho wa Novemba na siku za kwanza za Desemba. Vimbunga bado ni nadra, na shule za Afrika Kusini hazijafunga, hivyo bei haijapanda na meli haijafurika watoto. Anayefungwa na likizo ya watoto hana budi kwenda Desemba; basi anunue mapema.

Siku ngapi? Ukiona usiku tatu, fahamu kwamba siku ya kwanza inaishia kwenye foleni na kutafuta chumba, na siku ya mwisho unashuka asubuhi. Umebaki na siku mbili kamili. Usiku nne ndio kipimo kizuri cha mara ya kwanza: unajua kama bahari inakupenda, na kama haikupendi, hujafungwa wiki nzima.

Hatua ya 3: Meli

Watu huumiza kichwa hapa kuliko panapostahili. Durban huna meli ishirini za kuchagua. Msimu mmoja huja moja au mbili, za ukubwa wa kati. Soma mambo matatu tu.

La kwanza, umri wa abiria na fujo. Safari za mwisho wa juma zinazoondoka Ijumaa hupendwa na vijana wanaokwenda kucheza muziki mpaka alfajiri. Ukiwa na mzazi mzee, tafuta inayoondoka Jumapili au Jumatatu. La pili, klabu ya watoto: wanapokea kuanzia miaka mingapi, saa ngapi, bure au kwa malipo.

La tatu ni chakula, na hapa naomba Waislamu wenzangu wasikilize. Melini nguruwe yupo, tena kwenye bafe hukaa sahani chache kutoka kwa kuku, na koleo hutembea. Nyama halali haipatikani kwa kuiomba mlangoni. Jikoni hupakia shehena kabla ya kuondoka. Mimi niliandika barua pepe wiki nane kabla, nikataja nambari ya safari na majina matatu, nikaomba jibu la maandishi na nikalichapa. Usiku wa kwanza msimamizi wa wahudumu alikuja mezani akiwa na orodha ya chakula cha kesho yake, mama akachagua, na kila jioni ikawa hivyo. Bila barua ile tungekula samaki na mboga siku nne. Hata hilo si baya, ila si kile tulicholipia.

Hatua ya 4: Chumba

Vyumba ni vya aina nne: vya ndani visivyo na dirisha, vya dirisha lisilofunguka, vya roshani, na vile vikubwa vya wenye nafasi zao. Kwa safari ya siku nne, roshani ni raha ambayo hutaitumia sana. Cha ndani ni rahisi na giza lake ni la kweli, mchana na usiku ni kitu kimoja. Mama yangu asingekaa humo hata saa moja. Tulichukua cha dirisha.

Muhimu kuliko aina ni mahali. Wazee husema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na chumba chako cha kwanza kitafute kwa methali hiyo. Meli hupanda na kushuka kama pembea: omo na tezi ndiko ncha zinaporuka, katikati panatulia. Ghorofa za juu huyumba kuliko za chini. Basi shuka, uingie katikati. Chumba cha ghorofa ya chini katikati ya meli mara nyingi ni cha bei nafuu kuliko cha juu ubavuni, na ndicho kinacholala vizuri.

Kabla ya kuthibitisha nambari, fungua ramani ya sitaha ya meli hiyo uangalie kilicho juu na chini ya chumba hicho. Juu pawe na vyumba, chini pawe na vyumba. Ukikuta bwawa, jiko au ukumbi wa muziki juu ya kitanda chako, utasikia viti vikiburutwa saa kumi na moja alfajiri. Angalia pia kama dirisha limezibwa na mashua za kuokolea. Bei hupungua kwa sababu hiyo, na kampuni huandika kwa herufi ndogo.

Utaona pia bei ya chini kabisa ambayo kampuni inakuchagulia chumba yenyewe, wewe unajua aina tu. Kwa kijana mmoja ni sawa. Kwa familia au mtu anayeogopa kichefuchefu, ongeza hela kidogo uchague mwenyewe. Na mkiwa watatu au wanne chumba kimoja, vitanda vya ziada huteremshwa kutoka ukutani au darini kwa ngazi. Mwenye magoti mabovu asipangiwe huko.

Hatua ya 5: Hesabu yote, si nauli peke yake

Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja kwa sharti kwamba mko wawili chumbani. Ukisafiri peke yako, mara nyingi unalipa karibu ya watu wawili. Hilo peke yake limewavunja moyo wengi, afadhali ulijue mapema.

Chukua karatasi. Namba nitakazotumia ni za kufanyia hesabu tu, si bei ya meli yoyote; weka zako. Watu wawili, usiku nne, nauli dola 350 kila mmoja: 700. Kodi na ada za bandari, tuseme 100 kila mmoja: 200. Ada ya huduma ya kila siku kwa wahudumu, tuseme dola 12 kwa kichwa kwa usiku: 96. Ndege mpaka Durban kupitia Johannesburg, 500 kila mmoja: 1,000. Usiku mmoja hotelini kabla ya kupanda: 80. Teksi na chakula cha njiani: 60. Bima ya wawili: 80. Vinywaji, matembezi na vitu vidogo: 200. Jumla dola 2,416. Ile nauli iliyokuvutia haikufika hata theluthi moja. Ndege ndiyo iliyokula zaidi, na ndiyo unayopaswa kuiwinda kwanza.

Ada ya huduma wengine huiita bahashishi wakaiona ya hiari. Kwenye kampuni nyingi inaingia yenyewe kwenye hesabu yako, na wale wahudumu, wengi wao Wafilipino, Waindonesia, Wahindi, na siku hizi vijana wetu wa Kenya pia, hukaa miezi mingi bila kuona nyumbani. Ilipe kwa moyo mmoja.

Vinywaji vinahitaji kalamu. Maji, chai na kahawa ya bafe kwa kawaida havilipiwi. Soda, juisi za kukamua, kahawa za mashine na pombe vinalipiwa, tena kwa nyongeza ya huduma juu yake. Kampuni itakuuzia kifurushi cha kunywa bila kikomo. Piga hesabu ya glasi unazokunywa kweli kwa siku, ukumbuke kwamba mara nyingi watu wazima wote wa chumba kimoja hulazimishwa kununua kifurushi kilekile. Kwa familia isiyokunywa pombe, sijaona kikilipa.

Jambo moja zaidi la pesa. Melini hakuna M-Pesa wala noti mkononi. Kila kitu huandikwa kwenye kadi ya chumba, na mwisho hukatwa kwenye kadi yako ya benki. Siku ya kwanza kampuni hushikilia kiasi fulani kwenye akaunti. Kwenye kadi ya kawaida ya benki zetu, pesa iliyoshikiliwa inaweza kukaa siku nyingi kabla ya kuachiwa, hata kama hukuitumia. Uliza kama unaweza kuweka amana ya fedha taslimu kwenye dawati la wageni. Wengi hukubali, na utalala usingizi.

Hatua ya 6: Kulipa

Utatoa arbuni, kisha salio kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba, ambayo mara nyingi ni miezi miwili au mitatu kabla ya safari. Ukighairi mapema unapoteza arbuni, na kadiri siku zinavyokaribia unapoteza zaidi, mpaka wiki za mwisho unapoteza yote. Andika tarehe hizo ukutani.

Ukitumia wakala, usiridhike na risiti yake. Dai nambari ya safari iliyotolewa na kampuni ya meli, uiingize mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni. Ukiona jina lako, meli, tarehe na chumba, ni kweli. Usipoona, pesa yako bado iko mfukoni mwa mtu. Wakala anayekwambia nambari itatoka baadaye, mwache.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, yote. Sisi wenye majina matatu, na wengine la nne la ukoo, tuna desturi ya kufupisha. Melini ufupisho huo unaweza kukugharimu ada ya marekebisho au safari yenyewe.

Bima inunue siku hiyohiyo unayotoa arbuni. Iwe na matibabu, kuhamishwa kwa mgonjwa kutoka baharini, na kukosa kuondoka kwa meli kwa sababu ya kuchelewa kwa ndege. Daktari wa melini yupo saa zote, lakini hutibu kwa malipo ya juu, na mgonjwa mahututi hutolewa kwa helikopta. Mwenye sukari au presha aitaje kwenye fomu, la sivyo bima haitamsaidia. Mjamzito aliyefikisha wiki ya 24 hapokelewi na kampuni nyingi, na mtoto aliye chini ya miezi sita vilevile.

Hatua ya 7: Kufika Durban, na kilichomo begini

Fika siku moja kabla. Silegezi hapa. Ndege yetu ya Johannesburg ilichelewa saa tano, tukakosa ya kuunganisha, tukaingia hotelini usiku wa manane. Tulipoteza usingizi tu. Familia moja tuliyokutana nayo katika foleni ya uwanjani ilikuwa imepanga kufika asubuhi ileile ya kupanda. Mlango wa meli hufungwa saa moja au zaidi kabla ya kuondoka, na meli haimngoji mtu.

Acha nyumbani pasi ya umeme, birika la umeme, jiko la aina yoyote, hita ya kuchemshia maji, mishumaa, ubani wa kuchoma na visu. Moto ndicho kitu mabaharia wanachokiogopa kuliko maji, na mabegi hupitishwa kwenye mashine. Ekstensheni pia huzuiwa mara nyingi.

Weka dawa zote, pasipoti, kadi ya manjano, nguo za kuogelea na nguo moja ya kubadilisha kwenye begi la mkononi, kwa sababu begi kubwa linaweza kufika mlangoni mwa chumba jioni. Chukua sweta, kumbi za melini zina baridi. Usiku mmoja huwa wa kuvaa vizuri, na hapo kanzu, dera zuri au kitenge kilichoshonwa kinatosha kabisa. Mama alivaa buibui lenye nakshi, na wapiga picha wa meli hawakumwacha.

Dawa ya kichefuchefu nunua nyumbani. Sinarizini ipo katika maduka mengi ya dawa. Mwulize mfamasia, hasa kwa mtoto, mjamzito au mzee mwenye dawa nyingine. Siri yake ni kunywa kabla bahari haijakulevya. Ukishaanza kutapika, kidonge hakikai tumboni. Beba na tangawizi.

Hatua ya 8: Siku ya kupanda

Jisajili mtandaoni siku kadhaa kabla, uchape tiketi na lebo za mabegi. Gatini utakabidhi mabegi, utapigwa picha, utapewa kadi inayofungua mlango na kulipia kila kitu.

Kisha mafunzo ya dharura. Tafadhali usiyakwepe. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, watu 32 wakafa, na kati ya abiria waliopanda siku ileile walikuwamo ambao hawajaonyeshwa bado mahali pa kukusanyika. Baada ya ajali hiyo kanuni za kimataifa zilibadilishwa: mafunzo hufanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Jifunze mlio wa hatari, honi fupi saba na ndefu moja. Tembea kwa miguu kutoka chumbani mpaka kituo chako cha kukusanyika, uhesabu ngazi, na umwonyeshe mtoto jaketi okozi lake. Sisi watu wa feri tunajua kwa nini.

Hatua ya 9: Ukiwa baharini

Kabla meli haijatoka bandarini, weka simu katika hali ya ndege. Ikifika mbali, simu hujiunga na mtandao wa meli unaopitia satelaiti, na dakika chache za data zinaweza kukugharimu kuliko chakula cha wiki. Ukihitaji intaneti, nunua kifurushi cha waifai cha meli. Kabla ya safari huwa nafuu kidogo.

Saa inataka uangalifu wa pekee kwetu. Durban na Msumbiji ziko nyuma ya Mombasa na Dar es Salaam kwa saa moja, na matangazo ya meli hutumia saa ishirini na nne. Boti ya mwisho ikiandikwa 16:00, ni saa kumi jioni kwa saa ya meli, wakati simu iliyobaki na majira ya nyumbani inaonyesha saa kumi na moja. Kwa wazee, iandike kwenye karatasi kwa Kiswahili: saa kumi jioni, saa ya meli. Mnunulie mama saa ya mkononi, uirekebishe siku ya kwanza.

Ukishuka kwa matembezi yaliyouzwa na meli, yakichelewa ni jukumu lao. Ukijitembeza mwenyewe ukachelewa, meli inaondoka na unajisafirisha mpaka bandari inayofuata. Kwenye visiwa vya Msumbiji hatari hiyo ni ndogo, mko ufukweni mmoja. Ila kaa karibu na honi.

Nawa mikono kwa sabuni na maji kila unapoingia kula. Ugonjwa wa kuhara na kutapika unaosambaa melini, norovirusi, hauondoki vizuri kwa ile dawa ya kupaka mikononi yenye kileo; sabuni ndiyo inayouondoa.

Kwa sala, dira ya simu ilitutosha, tukiangalia upya kila wakati kwa kuwa meli hugeuka. Alfajiri sitaha ya nyuma haina mtu, upepo wa bahari na mwanga wa kwanza upande wa mashariki. Mama alisema hajawahi kuswali mahali pana kama pale.

Hatua ya 10: Kushuka

Usiku wa mwisho mabegi makubwa huwekwa koridoni kabla ya saa sita. Bakiza nguo za asubuhi, dawa na pasipoti; kila safari yupo anayepakia viatu vyote. Pitia hesabu yako usiku huohuo kwenye televisheni ya chumba au dawatini, kwa sababu asubuhi foleni ni ndefu na kosa la bili ni rahisi kurekebishwa mkiwa bado melini.

Siku hiyo pia watakuuzia arbuni ya safari ijayo kwa punguzo. Uliza swali moja: nikibadili nia, inarudi? Ukijibiwa hapana, nenda nyumbani ukafikirie.

Ndege ya kurudi ipange alasiri. Meli hufika asubuhi na mapema, lakini uhamiaji na mabegi vinaweza kukushika mpaka saa nne au tano, na uwanja wa King Shaka uko nje ya mji, takriban kilomita 35 kaskazini. Teksi waite ukishavuka lango la kituo na mabegi yote mkononi, uyahesabu kwanza.